"Saini iko wapi?" Habari za hizi meza tunazoposti na watu waliozitengeneza

Leo naongea zaidi na nyie mnaouza fanicha mtandaoni, lakini hata wewe wa mapazia, wa taa na wa mapambo ya ndani usipite, inakuhusu.

Mwaka juzi niliposti meza moja ya sebuleni. Juu kioo, chini mbao mbili zilizopinda zimeshikana, na kioo chenyewe hakina kona hata moja. Unaijua tu, imezagaa kila page. Picha niliitoa Pinterest. Kapsheni nikaandika: "Noguchi orijino, mbao ngumu, 850,000 tu, mzigo upo." Ungeniuliza wakati ule Noguchi ni nini, ningekwambia ni aina ya meza, kama unavyosema sofa L. Jina nililikuta kwenye page za wauzaji wa China nikalibeba lilivyo.

Na mzigo haukuwepo. Nina fundi wangu pale Keko, mzee mtu mzima, nilikuwa namwonyesha picha kwenye simu, ananiambia mbao kiasi fulani, ufundi kiasi fulani, namletea oda. Mteja anadhani nina ghala kumbe nina simu na namba ya fundi. Wengi tunaanza hivyo, sioni aibu kusema.

Dada mmoja wa Mbezi akalipa nusu, laki nne na ishirini na tano, nusu akasema atamalizia mzigo ukifika. Siku ya nane tukampelekea na kirikuu. Meza ilitoka nzuri, mninga ule wenye michirizi, fundi kaupiga msasa mpaka unateleza. Yule dada akaizunguka mara mbili bila kusema kitu. Halafu akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kioo taratibu, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Akainama akachungulia chini ya mbao. Akaniangalia.

"Mdogo wangu, saini iko wapi?"

Nikamwuliza saini ya nini dada. Nilidhani anataka risiti.

Akanielezea bila hasira, na hiyo ndo iliniumiza zaidi. Meza orijino ya Noguchi ina saini ya Noguchi kwenye ukingo wa kioo, na chini ya mbao kuna kidude cha duara chenye herufi za jina lake. Noguchi ni mtu. Kampuni inayoitengeneza Marekani ni Herman Miller, Ulaya ni Vitra. Na orijino huko inauzwa zaidi ya dola 1,500. Piga hesabu mwenyewe, ile 850,000 yangu ilikuwa inanisuta hata kabla hajafungua mdomo. Akasema, "Meza sina shida nayo. Shida yangu umeniandikia orijino."

Tukakubaliana anabaki nayo kwa laki tano. Aliongeza elfu sabini na tano akanifungia geti kwa heshima. Mimi mbao na ufundi vilinitoka 380,000, kioo 140,000, kirikuu 40,000. Jumla 560,000. Nimefanya kazi siku nane nikapata hasara ya elfu sitini, na hapo namshukuru kwamba hakuniandika popote.

Usiku ule nikaanza kumsoma huyo Noguchi. Nilikuwa natafuta tu nisikamatwe tena. Nikakuta stori ambayo kila muuzaji wa mtandaoni anapaswa kuijua.

Isamu Noguchi alizaliwa Los Angeles mwaka 1904. Baba Mjapani, mshairi, mama Mmarekani, mwandishi. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchonga sanamu, meza zilikuja njiani. Mwaka 1939 alimtengenezea meza A. Conger Goodyear, aliyekuwa rais wa makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Baadaye mbunifu mmoja wa fanicha, Robsjohn-Gibbings, akamwomba amchoree meza nyingine. Noguchi akatengeneza sampuli ndogo ya plastiki, akaiwasilisha, akasubiri. Kimya. Si unajua ile ya "nitakujulisha"?

Halafu vita vikaingia. Baada ya Japan kushambulia Pearl Harbor, serikali ya Marekani ikawakusanya watu wenye asili ya Japan wa pwani ya magharibi ikawafungia kwenye makambi. Noguchi alikuwa anaishi New York, sheria haikumgusa. Akaenda mwenyewe. Mwaka 1942 aliingia kambi ya Poston, kwenye jangwa la Arizona, akiamini ataboresha maisha ya watu mle ndani, achore bustani na viwanja. Mipango yake haikutekelezwa, na alipotaka kutoka ikawa kazi. Alikaa miezi kama saba.

Sasa akiwa humo kambini ndo akaiona meza yake. Imetangazwa, kwa namna iliyobadilishwa kidogo, na yule aliyepelekewa sampuli. Kwa maelezo ya Noguchi mwenyewe, alipotoka akaenda kulalamika, na alichojibiwa ni kwamba meza ya miguu mitatu mtu yeyote anaweza kuitengeneza.

Soma tena hapo. Wewe uliyewahi kumwandikia mtu DM "dada hiyo picha ni yangu" akakujibu "kwani hiyo bidhaa unauza peke yako?", unamwelewa Noguchi vizuri kabisa.

Kwa hasira akakaa chini akatengeneza ya kwake upya, na hii ndo tunayoiona kila siku. George Nelson, ambaye alikuja kuwa mkurugenzi wa ubunifu wa Herman Miller, akaiweka kwenye makala yake kuhusu namna ya kutengeneza meza. Mwaka 1947 Herman Miller wakaanza kuiuza. Ikaenda mpaka 1973 wakaisimamisha, halafu mwaka 1984 ikarudi sokoni na haijaondoka tena.

Na cha ajabu ni urahisi wake. Meza nzima ni vipande vitatu na pini. Mbao zile mbili za chini zinafanana kabisa, ni kipande kimoja kimechongwa mara mbili, kimoja kikageuzwa juu chini. Zinashikana kwa pini na zinazunguka kwenye hiyo pini. Kioo hakifungwi kwa skrubu wala gundi, kimekaa tu kwa uzito wake. Ukiijua hiyo unaelewa kwa nini kopi nyingi za mtaani zinayumba: mafundi wanachonga mbao mbili zinazokaribia kufanana, macho hayaoni tofauti lakini kioo kinaiona.

Kioo chenyewe nataka nikae hapo kidogo maana kuna hatari. Orijino ina kioo cha milimita 19. Ile niliyompelekea yule dada ilikuwa na kioo cha milimita 8, tena cha kawaida, kwa sababu ndicho nilichoweza kulipia. Sikujua. Kioo cha kawaida kikivunjika kinatoa vipande virefu kama visu. Kioo cha tempa, yaani kilichopashwa moto mkali kikapozwa ghafla, kikivunjika kinamwagika vipunje vidogo visivyokata sana. Ila cha tempa hakikatwi tena kikishatengenezwa, ukijaribu kinasambaratika chote. Kwa hiyo umbo, matundu na kusaga kingo vinafanyika kabla. Ukimpelekea muuza vioo umbo la ajabu lisilo na kona, mpe kabisa kielelezo cha kadibodi cha ukubwa halisi, usimwonyeshe picha kwenye simu. Na uliza unene kabla ya bei. Sebule nyingi za wateja wetu zina watoto, mtoto anapanda meza, hilo halina mjadala. Nilirudi kwa yule dada mwezi uliofuata nikambadilishia kioo kwa hela yangu. Hakuomba. Mimi ndo nilikuwa silali.

Baada ya Noguchi nikaendelea kuchimba wengine. Sitawaandikia wote, nawapa watatu waliobadilisha namna ninavyouza.

Wa kwanza ni Eileen Gray. Mzaliwa wa Ireland, 1878, maisha yake mengi kaishi Ufaransa. Ile meza ndogo ya bomba la chuma linalong'aa, juu duara la kioo, chini duara la bomba lililoachwa wazi upande mmoja, unaisogeza pembeni ya kitanda, ni ya kwake. Aliibuni mwaka 1927 kwa ajili ya nyumba yake ya ufukweni kule Roquebrune-Cap-Martin. Mguu uko upande mmoja na lile duara la chini linapita uvunguni, hivyo meza inaingia mpaka juu ya godoro. Kuna pini kwenye kamnyororo, unachomoa, unapandisha au unashusha, unachomeka. Inasimuliwa kwamba dada yake alipenda kunywa chai kitandani, na yeye hakutaka makombo kwenye mashuka. Meza inaitwa E 1027, jina la ile nyumba. E ni Eileen, 10 ni J, herufi ya kumi, 2 ni B, 7 ni G. JB ni Jean Badovici, mwenzake waliyeijenga naye.

Lakini kilichonikamata mimi ni duka lake. Mwaka 1922 alifungua duka la fanicha na mazulia Paris, mtaa wa watu wenye hela, akaliita Jean Désert. Jean ni jina la kiume. Hakukuwa na Jean yeyote, alimbuni tu, kwa sababu aliona mmiliki mwanaume ataaminika zaidi. Dada zangu mnaoweka picha ya kaka kwenye page ya vifaa vya ujenzi ili wateja wasiwachezee, mna historia ya miaka mia moja nyuma yenu. Duka lile halikutengeneza hela nyingi, likafungwa 1930. Yeye akasahaulika kabisa. Ile nyumba watu wakaanza kuisema kama kazi ya Le Corbusier, ambaye alienda akachora michoro mikubwa kwenye kuta zake bila ruhusa ya Gray. Mwaka 1968, akiwa na miaka 90, makala moja kwenye jarida la Domus ikamkumbusha dunia, na miaka ya sabini muuza fanicha wa London, Zeev Aram, akaanza kuzitengeneza meza zake upya kwa makubaliano naye. Akafariki 1976 akiwa na miaka 98. Amesubiri karibu miaka hamsini jina lake lirudi kwenye meza yake.

Kibiashara, hiyo meza inafundisha kitu ambacho picha haionyeshi. Ilitengenezwa kwa tatizo moja la mtu mmoja. Wateja wangu wengi wanaishi chumba na sebule, na wengine chumba kimoja tu, kitanda ndo kochi ndo ofisi. Nilianza kuwauliza swali moja kabla ya kutaja bei: hii meza utaiweka wapi, na utafanyia nini? Dada mmoja ananunua stuli kumbe anataka sehemu ya kuweka cherehani. Ukijua hilo unamuuzia kitu kingine kabisa, na harudi kulalamika.

Wa pili nampitia haraka. Eero Saarinen, mzaliwa wa Finland aliyekulia Marekani, ndiye mwenye ile meza ya mguu mmoja unaofunguka chini kama shina la ua. Kampuni ya Knoll iliileta sokoni mwaka 1957. Alikuwa anachukizwa na msitu wa miguu chini ya meza na viti. Ile orijino chini ni alumini iliyomiminwa, ina uzito. Ya kwetu niliyowahi kuagiza ilikuwa na kitako cha mbao nyepesi, ukiegemea pembeni inakuja na wewe. Ukiuza ya mguu mmoja, isukume pembeni kwa kiganja kabla haijatoka kwa fundi. Ikinyanyuka upande wa pili, usipakie.

Wa tatu si mbunifu mwenye jina kubwa, na kwetu sisi wa mtandaoni labda ndiye wa muhimu kuliko wote. Ingvar Kamprad alianzisha IKEA mwaka 1943 kule Sweden akiwa na miaka 17, anauza vitu vidogo vidogo, kalamu, pochi, fremu za picha, kwa posta. Hakuwa na duka la fanicha, alikuwa anatuma mizigo kwa oda, kama wewe na mimi. Fanicha aliingiza 1948, katalogi ya kwanza ikatoka 1951. Mwaka 1956 mfanyakazi wake wa katalogi, Gillis Lundgren, alikuwa amemaliza kupiga picha meza moja ndogo inaitwa Lövet, ya miguu mitatu, juu ina umbo la jani. Akataka kuirudisha kwenye gari, haiingii. Akaing'oa miguu, akailaza chini ya meza. IKEA wenyewe wanaieleza siku ile kama chanzo cha fanicha zao za kufungasha bapa na kuunga nyumbani.

Hii mimi niliichukua jumla jumla. Zamani meza ya kwenda Dodoma ilikuwa inakaa kwenye buti ya basi kama mtu na wale vijana wa mizigo wanakuchaji wanavyojisikia, na mara mbili imefika mguu umevunjika. Nikamwambia fundi miguu yote iwe ya boliti. Alikataa wiki mbili. Kwake meza ya boliti ni meza ya mvivu, meza ya kweli inaungwa kwa ulimi na tundu na gundi. Tukakutana katikati: fremu ya juu inaungwa kizamani, miguu inafungwa kwa boliti mbili kila kona ili usicheze. Sasa meza inaenda bapa, imefungwa kadibodi, boliti na spana ndogo kwenye kifuko nimekigundisha chini ya kioo cha mbao... samahani, chini ya ubao wa juu. Namtumia mteja video ya dakika moja ya kufunga. Nauli imeshuka karibu nusu, na ile bodaboda iliyokuwa inakataa sasa inabeba.

Sasa turudi kwa fundi wangu, maana hapa ndo stori yenyewe ilipo.

Baada ya yule dada wa Mbezi niliacha kuagiza kopi za Noguchi. Sitawadanganya kwamba ni uchamungu, kioo kinene pia kilinishinda bei. Nikamwomba fundi, mzee wangu, hebu nitengenezee ya kwako, ya miguu mitatu, mbao tupu. Akachukua vipande vya mninga na mkongo vilivyobaki kwenye kazi nyingine, akavipanga rangi nyekundu na ya kahawia zikipishana, miguu akaitoa nje kidogo kama mbuzi aliyesimama mteremkoni. Ilikuwa nzuri mpaka nikacheka. Nikapiga picha mwenyewe kwa mara ya kwanza, pale pale barazani kwake, jua la saa kumi. Ikauzwa siku ile ile. Mwezi ule tukauza sita.

Wiki ya tano mteja mmoja akanitumia screenshot. Page nyingine, siitaji, imeweka picha yangu ile ile, vumbi la Keko linaonekana kwa nyuma, imeweka nembo yao juu, na bei imepungua elfu hamsini. Nikawaandikia. Wakanibloku.

Nikaenda kwa fundi nimefura. Nikamwonyesha. Mzee wangu, wametuibia! Angalia, meza yetu, wameweka jina lao!

Akaiangalia ile simu muda mrefu. Akafuta mikono kwenye aproni. Akasema, "Kijana wangu, na wewe jina langu uliandika wapi?"

Sikuwa na la kujibu. Meza sita, kapsheni sita, zote zimeandikwa jina la page yangu, "imetengenezwa na sisi". Mimi sijawahi kushika hata randa.

Niliporudi nyumbani nikafikiria kuandika jina lake, na hapo hofu ikaja, ile hofu tunayoijua wote. Ukimtaja fundi, mteja ataenda kwa fundi. Wewe utakula nini? Nauliza kweli, kwa sababu washauri wengi wa biashara wanakuambia kuwa mwaminifu halafu hapo wanakimbia. Nilikaa na hilo jambo siku nyingi. Mwishowe nikaenda tukaongea hesabu waziwazi. Nikamwambia nauza kiasi gani, ninabaki na kiasi gani, picha, bando, kadibodi, kurudishiwa mizigo, kujibu watu saa tano usiku. Alidhani nabaki na mara tatu ya nilichokuwa nabaki nacho. Na mimi nilidhani mbao zina bei nafuu kuliko zilivyo. Tukapatana: mteja akija moja kwa moja kwa muundo niliouposti mimi, anamtajia bei ile ile ya kwangu, na yangu ananitumia asilimia kumi. Oda zake za zamani, za majirani zake, hazinihusu.

Je wamenizunguka? Ndio, wawili ninaowajua. Mmoja fundi alinitumia asilimia kumi bila kuulizwa. Wa pili sikuona kitu, na sijamwuliza. Upande mwingine, tangu kapsheni iseme imetengenezwa Keko na fundi gani, ana miaka mingapi kwenye kazi, mbao gani, swali la "mbona bei kubwa" limepungua sana. Watu wanauliza habari za fundi. Mmoja alisafiri kutoka Morogoro kuja kumwona akifanya kazi, akaondoka ameagiza meza ya kulia chakula ya watu nane.

Kuna jamaa anaitwa Jomo Tariku, mbunifu wa fanicha, mzaliwa wa Kenya, wazazi Waethiopia, anafanya kazi Marekani. Anachora viti kwa kufuata vitu vya kwetu, kimoja kinaitwa Nyala, kimefuata pembe za yule swala wa milima ya Ethiopia, na kazi zake zilionekana kwenye filamu ya Wakanda Forever. Huyu alikaa akahesabu majina ya wabunifu kwenye katalogi za kampuni kubwa za fanicha, atafute weusi ni wangapi. Hawakufika asilimia moja. Yeye aliweza kuhesabu kwa sababu huko majina yameandikwa. Ukitaka kuhesabu mafundi wa Keko kwenye page zetu utaanzia wapi?

Tuongee na sheria kidogo, kifupi. Kuchora meza inayofanana mtindo na kuandika jina la kampuni ambayo haijaitengeneza ni vitu viwili tofauti. La pili hilo ni bidhaa bandia, na hapa kwetu Tume ya Ushindani, FCC, ndo wanaoshughulika nalo. Kwenye mtindo wenyewe dunia inazidi kubana. Uingereza, miundo ya fanicha za kiwandani ilikuwa inalindwa miaka 25 tu, ndo maana kopi zilijaa. Tarehe 28 Julai 2016 walifuta kifungu hicho, ulinzi ukawa maisha yote ya mbunifu na miaka 70 baada ya kufa, wenye kopi wakapewa mpaka 28 Januari 2017 wamalize mzigo. Kama una mteja wa nje anayetaka umtumie "Noguchi" ya Keko, jua unamtumia nini. Mimi siku hizi mtu akinitumia picha ya meza ya mtu, namwambia jina la mwenyewe, namwambia orijino inapatikana wapi, halafu namwambia fundi wangu anaweza kukutengenezea ya kwake yenye kazi hiyo hiyo. Wengine wanaondoka. Wengi wanabaki, maana hawakuwa wanamtafuta Noguchi, walikuwa wanatafuta meza.

Ile page iliyoiba picha bado ipo. Juzi nimeona wameposti meza yetu tena, safari hii wamekata vumbi. Nimeacha kuwaandikia. Ila nilimtafuta fundi chuma akatuchongea muhuri wa jina la mzee, elfu ishirini na tano, unaupasha kwenye jiko la mkaa unaubandika chini ya ubao, unatoka moshi na harufu nzuri ya mninga. Siku ya kwanza mzee aliupiga kwenye kipande cha taka kwanza, akakiangalia, akakiweka mfukoni. Kesho Jumamosi meza ya watu nane inaenda Morogoro, miguu imeshafunguliwa, na nimemwambia mteja akiipokea aigeuze aangalie chini.